Kufunga fundo la kipepeo kwa vitu vilivyomo nyumbani

Fundo la kipepeo la kupamba zawadi ya harusi au ya Idi halihitaji utepe wa dukani. Vipande vya kitenge vinavyobaki kwa fundi cherehani, khanga iliyochakaa, kamba ya katani, kalenda ya mwaka jana, vyote vinafaa. Mara nyingi kinachoharibu fundo ni vipimo vya kukisia na mkono kupita upande uleule mara mbili, wala si ubora wa kitambaa.

Tuanze na urefu. Zidisha upana wa kipepeo unachotaka mara nne na nusu. Kipepeo cha sm 15 kinakula karibu sm 70, pamoja na mikia na sehemu inayomezwa na fundo. Kama utepe unazunguka boksi kwa msalaba, ongeza urefu wa boksi mara mbili, upana mara mbili na kimo mara nne. Boksi la sm 20 kwa 15 lenye kimo cha sm 10 linahitaji sm 110, kisha hizo 70: jumla sm 180. Usipunguze hapo, maana mkia ukiwa mfupi huna pa kushika wakati wa kurekebisha.

Sasa fundo lenyewe. Pitisha mkia wa kushoto juu ya ule wa kulia, uingize chini yake, kaza mpaka utepe ulale sawa kwenye boksi. Mtu mwingine aweke kidole hapo, kwa sababu fundo hili la kwanza hulegea upesi, hasa kwa satini. Mkia ulioko kushoto sasa ukunje uwe kitanzi. Mkia wa kulia upite mbele ya kitanzi hicho, uzunguke nyuma yake, halafu usukume katikati yake ndani ya tundu dogo lililobaki chini, utokee kama kitanzi cha pili. Kaza kwa kuvuta vitanzi, si mikia; mkia ukiuvuta unapunguza kitanzi chake tu, nao ndio ufundi wa kusawazisha ukubwa mwishoni.

Kipepeo kikisimama wima badala ya kulala kwa upana, umepita upande mmoja mara zote mbili. Kukivuta kwa vidole hakusaidii, kitarudi kilivyokuwa. Fungua, acha fundo la kwanza, rudia la pili kwa upande wa pili.

Kwa kitenge au khanga, kata ukanda wa sm 8 ukifuata pindo la kitambaa. Ukikata mshazari, utepe unavutika na vitanzi vinalegea. Kunja kingo zote mbili zikutane katikati, piga pasi, na utapata utepe wa sm 4 usiofumuka nyuzi. Mikia ikunje kwa urefu, kisha ikate mshazari kuanzia penye mkunjo ili itoe ncha mbili. Satini ya plastiki ipitishe haraka kando ya mwali wa mshumaa, ukingo uyeyuke kidogo na kushikana. Pamba usiijaribu hivyo, inawaka.

Kitambaa cha pamba kikiwa laini mno, kitie wanga. Koroga kijiko kimoja cha unga wa muhogo kwenye maji baridi kidogo, mimina kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka, koroga mpaka yaive, chuja. Chovya ukanda kabla ya kuufunga, kamua, piga pasi ukiwa bado na unyevunyevu. Wakati wa masika hewa ya Dar es Salaam hulegeza wanga, kwa hiyo funga siku ileile ya shughuli.

Gazeti ni jepesi mno, vitanzi vyake hulala. Karatasi ya kalenda ndiyo nzuri: kata kanda tatu za upana wa sm 3, zenye urefu wa sm 30, 24 na 18. Kila ukanda urudishe ncha zake katikati bila kuvunja mkunjo, gundisha, panga kuanzia mkubwa, kisha zungushia kipande kifupi katikati. Karatasi usijaribu kuifunga fundo; inachanika. Katani ilowanishe kidogo ili isivunjike nyuzi, na ncha zake zifunge kwa uzi. Mifuko mbadala, ile ya kitambaa kisichofumwa, iliyoenea Tanzania baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 2019, haifumuki ikikatwa, lakini pasi iweke mbali nayo.

Vipepeo vidogo vya kadi vinafungwa kwenye uma. Chukua utepe mwembamba wa sm 20, uzungushe meno kutokea nyuma, ncha zipishane mbele. Pitisha uzi kwenye nafasi ya katikati ya meno, ubane tabaka zote, kaza sana, kisha vuta kipepeo kitoke. Uzi ukilegea hapo, vitanzi havitalingana tena.

Zawadi ikipanda daladala, jaza karatasi laini ndani ya kila kitanzi, uitoe mkifika mlangoni. Kwa bodaboda ni heri kubeba kipepeo pembeni ndani ya kopo, ukakifunge kwa uzi hukohuko.