Waini ya nyumbani vs ya dukani: onja bila kujidanganya

Kwanza kabisa ficha chupa. Zifunge magazeti au zivishe soksi ndefu, maana mtu akiona lebo tu ulimi unaanza kusifia wenyewe, na akiona chupa ya maji ya lita moja na nusu imejaa choya (waini ya rozela) ya shemeji anakunja sura hata hajanusa.

Halafu usishindanishe visivyolingana. Nyekundu kavu ya Dodoma, ile ya zabibu za Makutupora, usiiweke na ya nanasi yenye sukari kibao, ulimi wa wengi utakimbilia tamu na hapo hujapima kitu. Nyekundu nayo kwa joto la Dar iingize friji kama saa moja, inataka nyuzi 16 mpaka 18 hivi, ikiwa ya moto utasikia pombe tupu.

Mimina kidogo, zungusha glasi, nusa. Kazi kubwa iko hapa puani. Ukisikia siki au dawa ya kutolea rangi ya kucha, hewa ishaingia na bakteria wa siki wamefanya yao, hiyo hairudi tena. Yai viza ni chachu iliteseka, mara nyingine ukiihamisha chombo harufu inapungua. Harufu ya unga wa mandazi ni kwamba bado changa, wengi tunatumia hamira ya jikoni na tuna haraka. Na ya dukani isijione, zile za kizibo cha gome zinaweza kunuka boksi lililolowa mvua.

Waini kutokuwa ang'avu usiikatie maksi nyingi, za matunda zina pektini (utomvu wa asili wa matunda) na nyumbani hatuna mashine ya kuchuja. Ila viputo kwenye waini isiyotakiwa kuwa na viputo, hapo shtuka, bado inachacha ndani ya chupa, yangu moja kizibo kiligonga dari.

Sasa mdomoni, ishikilie kidogo usikilize uchachu, utamu, ukakasi, kama kuna kimoja kinapiga kelele kuliko wenzake. Choya ina uchachu mwingi kwa asili ndo maana watu wanaimwagia sukari mpaka inakuwa juisi yenye pombe. Nguvu usiipime kwa kulewa jamani, tumia haidromita (kile kipimo kinachoelea), kabla ya kuchacha ikisoma 1.090 na mwisho 0.995 ni kama asilimia 12.

Mimi natoa maksi 20: muonekano 2, harufu 6, ladha 8, inayobaki kooni 4. Kila mtu aandike kimya kimya, mzee mmoja akishasema "hii tamu" imeisha hiyo, wote watamfuata.

Na usimalize chupa. Zifunge, onja tena kesho yake, ya dukani kawaida imewekwa salfaiti (dawa ya kuhifadhi) inavumilia, ya kwangu ya mwisho usiku iliongoza na asubuhi ilishageuka kahawia.