Soma nyuma ya spika kabla ya kuuliza wati

Karibu kila anayeniletea amplifaya huanza na swali la wati. Mimi huigeuza spika kwanza, nikasoma kibandiko cha nyuma: desibeli na omu.

Desibeli zinaonyesha spika inalia kwa nguvu gani ikipewa wati 1, ukiisikiliza umbali wa mita 1. Zikipungua 3, unahitaji wati mara mbili kupata sauti ileile. Amplifaya yenye valvu (chupa ya kioo inayokuza sauti) moja ya aina ya 300B kila upande hutoa wati kama 8. Kwenye spika ya desibeli 95, sebule inajaa na mwimbaji unamsikia kama yuko mbele yako. Ukiifunga kwenye spika ya desibeli 83, ungetaka wati 128 hivi kufika palepale. Spika yenye desibeli chache namna hiyo ipe amplifaya ya transista, isiyotumia valvu, labda uwe na chumba kidogo na valvu zenye wati 30 au zaidi.

Sasa omu, yaani kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme. Kama kibandiko kimefutika, chomoa waya, weka testa kwenye omu, gusa pini zote mbili. Spika ya omu 8 itasoma 6 na kitu. Ya omu 4 itasoma 3 na kitu. Haijaharibika: testa inapima koili tu, ule waya uliosokotwa ndani ya spika, kwa umeme wa betri.

Amplifaya ya valvu ina sehemu za kufungia zilizoandikwa 4, 8 na mara nyingine 16. Funga panapolingana na spika. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinakuwa omu 4, kwa hiyo hamia kwenye 4. Transista kwa kawaida haina uchaguzi huo. Soma omu za chini kabisa inazoruhusu na usishuke hapo, itachemka mpaka transista za kutolea sauti ziungue.

Na tafadhali, usiwashe amplifaya ya valvu ukapiga muziki bila spika. Umeme unapanda ndani ya transfoma ya kutolea sauti na kuitoboa, na transfoma hiyo mara nyingi ni kati ya vifaa vya bei kubwa zaidi mle ndani. Ya transista haina shida na hilo. Adui yake ni waya mbili za spika kugusana.

Ukishafunga, weka wimbo wenye besi unaoujua vizuri, kwa sauti unayosikilizia kila siku. Ngoma zikikwaruza kabla hujafika hapo, wati hazitoshi. Punguza mara moja, kwa sababu amplifaya ndogo iliyokamuliwa kupita uwezo wake huunguza upesi twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba.