Agolparse, apiñarse, hacinarse: namna ya kuvitafsiri kwa Kiswahili

Kihispania kina vitenzi vingi vya watu kujaa mahali pamoja, na si lazima vyote viishie kwenye "kusongamana". Kiswahili kinavyo vya kutosha. Tatizo huanza pale mtafsiri anapopitia kwanza kamusi ya Kihispania na Kiingereza: vitenzi vitatu vinapewa maana moja, na akifika kwenye Kiswahili tofauti imeshapotea. Ni heri uende moja kwa moja.

Jiulize kwanza: watu hawa ndio wanafika, au wameshafika? Chukua kituo cha mabasi ya mwendokasi Kimara, Dar es Salaam, saa 12:30 asubuhi. Milango inafunguka, watu wanaikimbilia, mabega yanagongana. Hiyo ni agolparse, neno lililobeba golpe, yaani pigo. Lina ghafla na kishindo ndani yake. Sasa milango imefungwa. Mkono wa mtu umenasa juu ya begi la jirani yake na hakuna anayeweza kugeuka. Hiyo ni apiñarse, kutoka piña, tunda la msonobari ambalo magamba yake yameshikana pasipo nafasi. Piña ni nanasi pia, maana Wahispania waliona nanasi linafanana na tunda hilo, lakini usilete nanasi kwenye tafsiri: kwetu halimkumbushi mtu kubanana. Sisi picha tunayo tayari, tena nzuri: watu wameshonana.

Tuone sentensi nzima:

Los pasajeros se agolparon a la puerta y viajaron apiñados hasta la última parada.

Abiria waliukimbilia mlango wakajazana hapo, kisha wakasafiri wamebanana hadi kituo cha mwisho.

Agolparse imegawanyika kuwa vitenzi viwili, "waliukimbilia" na "wakajazana". Usione vibaya. Kihispania kimefunga mwendo na matokeo katika neno moja. Kiswahili huvitenga na kuviunganisha kwa -ka- ya matendo yanayofuatana. Ukiandika "walijazana mlangoni" peke yake, mbio zimepotea. Na usiandike "walipanga foleni": foleni ina utaratibu, agolparse haina.

Wengi huteleza kwenye njeo, yaani wakati wa kitenzi. Estaban apiñados si "walikuwa wanabanana", kwani hapo msomaji ataona watu wanaoendelea kusukumana. Ni hali iliyokwisha kukamilika, kwa hiyo sema "walikuwa wamebanana". Se agolpaban, kinyume chake, ni tendo linaloendelea: "walikuwa wakimiminika mlangoni".

Hiyo -se ya mwisho wa vitenzi hivi nayo isikupeleke kwenye -ji- ya kujitendea. Kujibana ni kupunguza matumizi ya fedha! Hapa kazi hufanywa na -ana: bana, banana, shona, shonana, rundika, rundikana.

Hacinarse inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ina lawama. Hacina ni lundo la miganda ya nafaka, na kitenzi hutumika sana kwa makazi na magereza, mahali ambapo binadamu amewekwa kama mzigo. Familia ya watu wanane katika chumba kimoja cha kupanga, viven hacinados: "wanaishi kwa kurundikana". Kama aliyewaweka hapo anajulikana, tumia kutendwa: "wamerundikwa". "Wanaishi pamoja" haitoshi hata kidogo, maana inaifuta dhuluma ambayo mwandishi ameionyesha. Lakini ukiwa unatafsiri hati rasmi, hacinamiento ya magereza iandike "msongamano wa wafungwa", ndivyo wanavyosema wenye kazi hiyo. "Mrundikano" katika hati hizo umezoeleka kwa kesi mahakamani.

Arremolinarse ni rahisi ukijua remolino ni kizingia cha maji. Watu wanazunguka kitu kimoja katikati, kama wanunuzi na muuza viatu wa Kariakoo aliyefungua mtumba mpya. "Walimzonga" inatosha, zonga tayari ina mzunguko.

Abarrotar mara nyingi huangalia mahali: el estadio estaba abarrotado, "uwanja ulikuwa umejaa pomoni", au "umefurika". Usihangaike kuleta -ana hapo.

Kuna mahali pa kuacha umati kabisa. Agolparse hutumika pia kwa vitu vya ndani ya mtu. Se le agolparon las lágrimas en los ojos: machozi hayawezi kujazana wala kusukumana kwa Kiswahili, andika "machozi yalimlengalenga". Damu ikiagolpa usoni, "uso ulimwiva". Kumbukumbu zikija hivyo, "zilimjia kwa mkupuo". Kwa hiyo, kabla hujagusa agolparse, tazama kiima chake, yaani anayetenda au kinachotenda: kama si watu wala wanyama, weka kando vyote vilivyotajwa juu na utafute msemo unaofaa kitu hicho.