Kuomba ISBN ya kitabu chako cha programu za kompyuta ukiwa Tanga

Vijana wengi hapa Tanga wana notsi zao za Python na PHP, lugha za kuandikia programu za kompyuta, walizokusanya wakifundisha wenzao, afu wakitaka kuzitoa kitabu wanaenda moja kwa moja kwa mtu wa kuchapa kule Ngamiani hata namba hawajaomba. Namba yenyewe ni ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu. Inakaa ndani ya kitabu, nyuma ya ukurasa wa jina, na kwenye kava la nyuma pamoja na barkodi, sasa ukishachapa nakala 200 ndo ukumbuke kuomba utaishia kubandika stika moja moja.

Anayetoa namba ni Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, TLSB, makao makuu yapo Dar. Sio COSOTA, wale ni wa hakimiliki. Maktaba ya mkoa hapa Tanga iko chini ya bodi hiyohiyo, so anza kuulizia pale fomu na ada ya sasa kabla hujapanda basi bure.

Kabla ya fomu, hakikisha muswada umeisha kweli. Kitabu cha kodi, yaani maandishi ya programu, kina matatizo yake: Microsoft Word inageuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa za kupinda, msomaji anakopi print("Habari") kama ilivyo, Python inamkatalia na anasema wewe ndo hujui kufundisha. Zima hiyo kitu kwenye setingi. Kodi iweke kwa fonti ambayo herufi zote zina upana sawa, na mistari iwe mifupi, maana ukichapa saizi ya A5 mstari mrefu unajikata wenyewe, na kwenye Python nafasi za mwanzo wa mstari zikivurugika programu haiendi kabisa. Kila mfano uuendeshe upya kwenye kompyuta ukiutoa kwenye PDF ya mwisho, sio kwenye faili lako la zamani. Na kama umechukua kodi ya mtu GitHub, mtandao watu wanapoweka kodi zao, soma leseni yake kwanza, ile ya MIT kwa mfano inakuruhusu ila lazima uweke tangazo lake la hakimiliki.

Haya, fomu. Jina la kitabu, mwandishi, toleo, lugha, idadi ya kurasa, hivyo vinajazika tu. Wengi wanakwama kwenye mchapishaji. Ukijichapishia mwenyewe andika jina lako, usiandike la steshenari, yule ni mpiga chapa tu kazi yake imeishia kwenye mashine. Ukitaka jina la kibiashara lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwanza, ni mtandaoni, uwe na namba ya NIDA.

Kitabu cha karatasi kina namba yake na cha EPUB, yaani cha kusomea kwenye simu au kompyuta, kina yake, kwa hiyo ombea zote mapema. Ukichapa tena bila kubadilisha kitu namba inabaki ileile, ila ukikiandika upya, mfano una kitabu cha Python 2 ambayo waliacha kuihudumia tangu 2020 unakihamishia Python 3, hilo ni toleo jipya na linataka namba mpya. Halafu ile ISBN ya bure ya Amazon inafanya kazi hukohuko Amazon, usije ukaibandika kwenye kitabu unachouza Barabara ya 12.

Namba ikija ina tarakimu 13, za Tanzania nyingi zinaanza 978-9976 au 978-9987. Ihakiki kabla ya kumpa mtu wa kava: zidisha tarakimu kwa 1, kwa 3, kwa 1, kwa 3 mpaka mwisho, jumlisha, jibu ligawanyike kwa 10 bila kubaki kitu. Mistari minne ya Python inatosha, na si vibaya ukaiweka kama zoezi humohumo kitabuni.

Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, ila kusajili COSOTA kunakupa ushahidi siku mtu akisambaza PDF yako kwenye magrupu ya WhatsApp. Kitabu kikishatoka peleka nakala TLSB, hiyo ni sheria, idadi waulize siku unachukua namba ili uzitenge kabisa kabla washkaji hawajaanza kuomba za bure.