Kufunga sensa za joto kwenye oveni ya korosho, kabla hujaanza kuwaza 5G

Wakuu mnaobangua korosho Mtwara, Masasi, Newala mpaka kule Ruangwa, naona watu wanaulizia sana 5G, ule mtandao wa simu wa kizazi cha tano, viwandani. Ni kweli inabadilisha mambo, kwenye viwanda vikubwa vya nje roboti na kamera zinaongea bila waya na jibu linarudi ndani ya milisekunde chache, mashine inahamishwa bila kuvuta kebo upya. Ila wewe unachotaka kujua ni joto la oveni kila nusu dakika, na ujumbe huo ni herufi chache tu, waifai ya kawaida inaubeba bila shida. Hela yako iweke kwanza pale unapopata hasara.

Na hasara kubwa iko kwenye kukausha. Kiini kinatoka na unyevu kama asilimia 9 hivi, tunakishusha chini ya 5 kwa joto la karibu nyuzi 70, joto likizidi kinaungua na gredi inashuka, likipungua ngozi inagoma kutoka, kina mama wanaanza kuilazimisha kwa kisu na kiini kizima kinakuwa vipande, na bei ya vipande mnaijua.

Chukua sensa za DS18B20 zenye ncha ya chuma, zinapima mpaka nyuzi 125. Angalia waya wake, wenye ganda la silikoni ndo unavumilia oveni, ule wa plastiki ya kawaida unakakamaa na kupasuka. Funga tatu, juu, katikati na chini, katikati ya trei, siyo karibu na mlango wala pale hewa ya moto inapoingilia maana hapo utadanganywa. Zote tatu zinakaa kwenye waya mmoja wa data kwa sababu kila moja ina namba yake, unaziunganisha na ESP32, bodi ndogo ya kompyuta yenye waifai yake, na usisahau rezista ya kilo-omu 4.7 kati ya waya wa data na ule wa volti 3.3, bila hiyo sensa hazisomeki vizuri. ESP32 yenyewe ikae NJE ya oveni, ndani ya boksi la plastiki, kwanza haitaki joto hilo, pili oveni ni chuma na chuma kinakata mawimbi.

Kabla ya kufunga sensa, ijaribu kwanza. Itumbukize kwenye barafu iliyosagwa yenye maji kidogo, isome karibu na 0, halafu kwenye maji yanayochemka. Mtwara mjini au Lindi mjini itasoma kama 100, ila ndugu zangu wa Newala mko juu mlimani, kwenu maji yanachemka kwenye 97 au 98, kwa hiyo usiitupe ukidhani ni mbovu.

Mtandao sasa. Rauta iweke ukumbi huohuo wa oveni, mabati na kuta zinapunguza sana nguvu. Intaneti siyo lazima, laptopu ya zamani yenye programu ya kupokea MQTT, yaani ule mfumo mwepesi wa kutumiana ujumbe wa sensa, inatosha kutunza namba zote hapohapo kiwandani, bando likiisha kazi inaendelea. King'ora kiunganishe na ESP32 moja kwa moja, kilie joto likipita mfano 75, usitegemee meseji ya simu maana saa nane usiku mtu kalala. Weka na betri ndogo kwa ajili ya umeme kukatika. Ghala likiwa mbali tumia LoRa, ni redio ya masafa marefu, inafika kilomita kadhaa kwa betri kidogo sana.

Boila usiiguse kabisa, vali yake ya usalama na geji vibaki vilivyo, sensa yako ni ya kusoma tu.

Baada ya wiki kadhaa kaa na msimamizi wa zamu muangalie grafu pamoja, trei za chini zikiwa baridi siku zote badilisheni ratiba ya kuzizungusha, na joto likishuka taratibu wakati moto ni uleule kagueni feni, hapo ndo sensa ya mtikisiko kwenye beringi ya mota yake inafuata.