Somo: Jinsi ya Kujijengea Stadi za Teknolojia ya Kidijitali kupitia Mafunzo ya Kimataifa

Nilipoomba mafunzo ya nje kwa mara ya kwanza, niliandika katika fomu kwamba nilitaka "kuongeza ujuzi wa TEHAMA". Sikujibiwa. Mwaka uliofuata niliandika kwamba nilitaka kujifunza namna ya kukusanya kumbukumbu za ofisi yetu, ambazo zilikuwa zimetawanyika katika kompyuta kumi na moja, na kuziweka katika hifadhidata moja yenye nakala rudufu, yaani nakala ya akiba endapo ya kwanza itapotea. Nikachaguliwa. Kati ya maombi hayo mawili vyeti vyangu vilikuwa vilevile na Kiingereza changu kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni kwamba mara ya pili nilijua ninachokwenda kukitafuta. Somo hili limejengwa juu ya tofauti hiyo.

Hatua ya kwanza: taja kazi unayotaka kuiweza

Neno "kidijitali" ni pana kiasi kwamba anayelitumia peke yake hajasema kitu. Fundi anayepanga ruta na swichi, yaani vifaa vinavyounganisha kompyuta katika mtandao, mchambuzi wa takwimu, mwandishi wa programu na mwalimu anayeandaa masomo ya video wote wamo ndani yake, na mafunzo yanayomfaa mmoja yanaweza kuwa upotevu wa muda kwa mwingine. Njia nzuri ya kujipima ni mfumo wa DigComp wa Kamisheni ya Ulaya, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2013, ambao unagawa umahiri wa kidijitali katika maeneo matano: taarifa na data, mawasiliano na ushirikiano, uundaji wa maudhui, usalama, na utatuzi wa matatizo. Walimu wana mfumo wao, ule wa UNESCO, ambao toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2018. Pitia maelezo ya maeneo hayo, kisha orodhesha unayoyafanya bila kumwita mtu, unayoyafanya kwa kusaidiwa, na ambayo hujawahi kuyagusa.

Ukimaliza, andika sentensi moja inayoanza na maneno "Nikimaliza mafunzo nitaweza" na uikamilishe kwa kitenzi cha kazi: kusanidi, kuchambua, kulinda, kutengeneza. Ikiwa umeikamilisha kwa "kuwa na uelewa mpana", ifute uanze upya.

Hatua ya pili: anza na yale yaliyo wazi kwa wote

Wengi huiruka hatua hii kwa kudhani kwamba mafunzo ya kimataifa huanzia uwanja wa ndege. Kozi ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard, ambayo ni utangulizi wa sayansi ya kompyuta, hupatikana bure mtandaoni, na humtoa mwanafunzi kwenye Scratch, ambako amri hupangwa kama vipande vya kuunganisha, hadi kwenye lugha za kompyuta za C, Python na SQL. Tovuti ya freeCodeCamp, iliyoanza mwaka 2014, hufundisha utengenezaji wa tovuti na kutoa vyeti bila malipo. Cisco Networking Academy, mpango wa mafunzo wa kampuni ya vifaa vya mtandao ya Cisco ulioanza mwaka 1997, ina kozi za bure za kujisomea, na programu yake ya Packet Tracer humwezesha mtu kuunganisha ruta na swichi za kuigiza kwenye skrini, kuziharibu na kuzitengeneza tena bila kununua kifaa hata kimoja. Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, yaani ITU, ambao ni shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Geneva, nao una jukwaa la ITU Academy kwa wale wanaoshughulika na sera na usimamizi wa sekta.

Chagua moja tu na uimalize. Kozi sita zilizoanzwa na kuachwa njiani hazimsaidii mwombaji, ilhali kozi moja iliyokamilishwa, pamoja na kazi ndogo uliyoitengeneza kutokana nayo, ni ushahidi ambao msomaji wa maombi yako anaweza kuufungua na kuukagua mwenyewe.

Hatua ya tatu: tambua mlango unaokufaa

Hapa ndipo watu hupoteza miaka, kwa sababu hugonga mlango ambao haukutengenezwa kwa ajili yao.

Mlango wa kwanza ni wa kozi fupi zinazogharimiwa na serikali. Mpango wa India unaoitwa ITEC ulianza tarehe 15 Septemba 1964 na miongoni mwa kozi zake zimo za programu za kompyuta, usalama wa mtandao na uchambuzi wa data. Anayechaguliwa kuhudhuria India hulipiwa nauli ya ndege, ada na malazi, na hupewa posho ya kujikimu. Lakini fomu yake hupitia kwa mwajiri na wizara husika kabla ya kufika ubalozi wa India. JICA, shirika la ushirikiano wa kimataifa la Japani, nalo hupokea washiriki walioteuliwa na taasisi zao, na kozi zake nyingi humtaka mshiriki aandae ripoti ya kazi yake kabla ya kuanza na mpango wa utekelezaji kabla ya kumaliza. Mantiki ya mipango hii ni kwamba inaifundisha taasisi kupitia kwako. Kwa hiyo mazungumzo ya kwanza ni kati yako na mkuu wako wa kazi, na yafanyike miezi mingi kabla ya tangazo kutoka.

Mlango wa pili ni wa shahada za uzamili. Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya ulioanza mwaka 2004, humsomesha mwanafunzi katika nchi zisizopungua mbili, na wanaopata ufadhili wake hupewa posho ya euro 1,400 kwa mwezi. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983, hudai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, sawa na takriban miaka miwili. Ni milango yenye heshima, ila kwa maoni yangu mtu anayehitaji stadi moja mahususi hana sababu ya kuizungukia kwa shahada nzima.

Mlango wa tatu ndio niupendao, na ndio usiozungumzwa sana: mafunzo kwa vitendo katika miradi ya programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha. Hufanyika kupitia mtandao, na mshiriki hulipwa. Google Summer of Code ilianza mwaka 2005, na tangu 2022 haiwabani tena wanafunzi wa vyuo peke yao. Mtu mwenye miaka 18 au zaidi aliye mgeni katika programu huria anaweza kuomba. Outreachy huwalenga watu wa makundi yanayobaguliwa au yasiyowakilishwa vya kutosha katika teknolojia, hudumu miezi mitatu, na hulipa dola 7,000 za Marekani. Katika Outreachy, anayevuka mchujo wa mwanzo hupewa kipindi cha kuchangia kazi halisi katika mradi kabla ya kuchaguliwa. Anayekosa nafasi, basi, hatoki mikono mitupu: kazi yake imekwisha kusahihishwa na wataalamu, na inabaki hadharani ikiwa na jina lake.

Mlango wa nne ni wa vyeti vya kitaalamu, na hapa nina tahadhari moja. Cheti cha kumaliza kozi si sawa na cheti cha kufaulu mtihani wa taaluma. Aliyemaliza kozi za CCNA, cheti cha Cisco cha taaluma ya mitandao, katika Networking Academy bado hajapata CCNA mpaka afanye mtihani wenyewe, unaochukua dakika 120, na cheti hicho huisha nguvu baada ya miaka mitatu kisipohuishwa. Kuandika katika wasifu kwamba una CCNA wakati una cheti cha kumaliza kozi tu ni kosa ambalo mwajiri makini huligundua kwa dakika mbili.

Hatua ya nne: andika maombi yenye tatizo ndani yake

Barua nyingi za maombi humsifu mtoa ufadhili, kisha zikamsifu mwombaji. Msomaji anayepitia mamia ya barua anatafuta kitu kingine: tatizo linaloonekana, jaribio ulilokwisha kulifanya, mahali ulipokwama, na sehemu ya kozi inayogusa hapo ulipokwama. Linganisha "Nina shauku kubwa na usalama wa mtandao" na "Mwaka jana akaunti nne za barua pepe za idara yetu ziliibwa kwa njia ya ujumbe wa ulaghai, nikaweka uthibitishaji wa hatua mbili, lakini sijui kusoma kumbukumbu za matukio ya seva (log) ili nibaini mshambulizi aliingilia wapi, na moduli yenu ya tatu inafundisha jambo hilo." Sentensi ya pili ni ndefu na haina madoido, lakini imebeba barua nzima. Usione haya kutaja ulipokwama, kwani mtu asiyekwama popote hana haja ya mafunzo.

Hatua ya tano: nyaraka

Hakikisha jina lako limeandikwa kwa namna moja katika pasipoti, vyeti na fomu. Matokeo ya mitihani ya Kiingereza ya IELTS na TOEFL huhesabika kwa miaka miwili, hivyo usiyafanye mapema mno. Waombe wadhamini, yaani watu wanaokufahamu kikazi au kimasomo, barua za kukupendekeza wiki sita kabla, ukiwapa nakala ya maombi yako ili wasiandike mambo ya jumla. Angalia kama muda wa mwisho umetajwa kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, si za kwenu.

Hatua ya sita: ukiwa darasani, tafuta kazi ya kurudi nayo

Tangu wiki ya kwanza, kila zoezi ligeuze lihusu tatizo lililoandikwa katika maombi yako. Mkufunzi akitoa data ya mfano, muulize kama unaweza kutumia data yako iliyoondolewa majina na taarifa za siri. Andika kila siku ulichofanya na amri ulizotumia, kwa sababu baada ya mwezi utakumbuka kwamba jambo linawezekana lakini hutakumbuka namna ya kulifanya.

Maswali ya wasomaji

*Shikamoo Mwalimu. Mimi nimeishia sekondari na sina mwajiri. Je, milango hii yote imefungwa kwangu?*

Marahaba. Wa pili umefungwa kwa sasa, na wa kwanza ni mgumu kwa sababu hakuna taasisi ya kukuteua. Wa tatu na wa nne iko wazi, kwa kuwa Outreachy na Google Summer of Code hazidai shahada. Jipe miezi minane hadi kumi na miwili ya kujisomea, kisha ingia katika mradi mmoja wa programu huria ukianza na kazi ndogo kama kusahihisha maelezo ya matumizi au kutafsiri kiolesura, yaani maneno yanayoonekana kwenye skrini ya programu, kwa Kiswahili.

*Nina simu tu, sina kompyuta. Nianzie wapi?*

Nitakuwa mkweli: kwa simu unaweza kutazama mihadhara, kusoma na kujibu majaribio, lakini kuandika programu au kupanga mtandao kwa saa nyingi ni mateso. Tumia simu kwa nadharia, ukipakua masomo unapopata intaneti nzuri, na utafute kompyuta ya pamoja, ya maktaba au ya chuo, kwa saa chache za vitendo kila wiki. Saa nne zilizopangwa vizuri zinatosha kusogea.

*Ndugu mwandishi, nimepokea barua pepe inayosema nimechaguliwa kwenda mafunzoni na natakiwa kutuma ada ya usajili. Sikumbuki kuomba.*

Usitume chochote. Mipango ya ufadhili ya serikali niliyoitaja haimchagui mtu ambaye hakuomba, na Chevening haitozi ada ya maombi. Kagua anwani ya mtumaji herufi kwa herufi, kisha nenda mwenyewe katika tovuti rasmi ya mpango husika bila kubofya kiungo kilicho ndani ya ujumbe. Ikiwa umekwisha kutuma picha ya pasipoti, toa taarifa kwa mamlaka inayotoa pasipoti.

*Naomba kufahamu kama umri wa miaka 47 ni kikwazo.*

Kwa kozi nyingi za ITEC umri unaotakiwa ni kati ya miaka 25 na 45, kwa hiyo soma masharti ya kila kozi. Chevening, freeCodeCamp na mitihani ya taaluma hazina ukomo wa juu wa umri.

*Je, naruhusiwa kutumia akili mnemba (AI) kuandika barua ya maombi?*

Soma kwanza masharti, maana baadhi ya mipango inakataza waziwazi. Hata pale inaporuhusiwa, chombo hicho hakijui tatizo la ofisi yako. Kitakuandikia ile barua ya "nina shauku kubwa", na msomaji ameshaiona mara nyingi siku hiyo hiyo. Kitumie kukagua sarufi baada ya kuandika mwenyewe.

*Nikimaliza masomo naweza kubaki huko nikafanya kazi?*

Inategemea mkataba unaousaini. Chevening humtaka mhitimu arudi nchini kwake kwa muda usiopungua miaka miwili. Wanaokwenda Marekani kwa Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, kwa kawaida hubanwa na sharti la kukaa kwao miaka miwili linaloambatana na viza ya J-1, ambayo ni ya wageni wa mabadilishano. Kozi fupi za ITEC na JICA zimeundwa kwa ajili ya mtu anayerudi kazini. Kama nia yako ni kuhamia, tafuta njia nyingine kuliko kuficha nia hiyo katika fomu.

*Mwalimu, mimi nimesharudi. Tatizo ni kwamba mkuu wangu hataki kusikia habari za mfumo mpya, anasema bajeti hakuna. Nifanye nini?*

Usimpelekee mfumo, mpelekee jambo moja lisilohitaji bajeti wala ruhusa kubwa. Nakala rudufu ni mwanzo mzuri, kwa sababu siku diski ya mtu itakapokufa na faili zake zikarudi ndani ya nusu saa, hutahitaji kueleza zaidi. Wafundishe wenzako wawili, na uandike maelekezo ya ukurasa mmoja ili kazi isisimame ukiwa likizo. Mimi sikupewa ruhusa ya kugusa kompyuta zote kumi na moja. Nilianza na mbili, yangu na ya jirani yangu wa meza, na zile tisa zilizobaki ziliingia katika hifadhidata baada ya wenyewe kuja kuniuliza.