Laptopu ya Linux inalala lakini haiamki: jinsi ya kuipata draiva iliyokwama

Juzi nilikesha na mwanafunzi wangu. Laptopu yake ukiifunga inalala vizuri, ukiifungua feni inazunguka lakini kioo ni cheusi. Njia tuliyopita ni hii. Hifadhi kazi zako, kisha andika `sudo -i` kwenye terminali ili upate mamlaka ya msimamizi.

1. `cat /sys/power/mem_sleep`. Neno lililo ndani ya mabano ya mraba ndilo aina ya usingizi inayotumika. Sisi tulikuwa kwenye `deep`, yaani usingizi mzito.

2. Jaribio la kwanza:

```
echo devices > /sys/power/pm_test
echo mem > /sys/power/state
```

Keneli (kiini cha Linux) inaziambia draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa, zilaze vifaa, inangoja sekunde 5, inaviamsha. Ikiganda hapa, kosa ni la draiva.

3. Hapa ndipo tulipopoteza saa tatu. Jaribio lilipita, tukaamini draiva zote ni nzima. Kumbe katika jaribio mashine haifiki hatua ya kukata umeme. Kwenye usingizi wa kweli umeme unakatwa, na kadi ya Wi-Fi inaamka haina kumbukumbu yoyote, hata programu yake ya ndani imefutika. Ni kazi ya draiva kuipakia upya. Draiva ikidhani kadi iko vilevile ilivyoiacha, itangoja jibu lisilokuja.

Basi zima jaribio, washa ufuatiliaji (`pm_trace`), kisha ilaze kweli:

```
echo none > /sys/power/pm_test
echo 1 > /sys/power/pm_trace
echo mem > /sys/power/state
```

Iamshe. Ikiganda, izime kwa kitufe, iwashe ndani ya dakika 3, kisha tafuta kwenye kumbukumbu za keneli: `dmesg | grep "hash matches"`. Keneli huficha alama ya kifaa ndani ya saa ya mashine, kwa kuwa saa hiyo haipotezi kumbukumbu ukizima. Ukichelewa, saa inatembea na alama inaharibika. Tarehe nayo itavurugika, na usipoirekebisha tovuti nyingi zitagoma kufunguka. Alama ni fupi, kwa hiyo vifaa viwili vinaweza kutajwa pamoja. Kurudia hakusaidii; jaribu kimoja kimoja kwenye hatua ya 4.

4. Ondoa draiva unayoishuku kwa `modprobe -r MODULI` (badala ya MODULI weka jina la draiva hiyo), ilaze, iamshe. Ikiamka, umeipata. Weka hati hii ya amri, inayoondoa draiva kabla ya kulala na kuirudisha baada ya kuamka, katika faili ndani ya `/usr/lib/systemd/system-sleep/`, na usisahau `chmod +x` ili iweze kuendeshwa:

```
#!/bin/sh
case "$1" in
pre) modprobe -r MODULI ;;
post) modprobe MODULI ;;
esac
```

Wapo wanaoshauri kuzima usingizi kabisa. Siafiki: laptopu itachemka ndani ya begi na betri itaisha njiani. Hati hii nayo ni plasta tu, kwa hiyo wapelekee watunzaji wa draiva matokeo ya `dmesg` yako.